Mashine Nyingi Katika Kazi Moja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili na kumfungulia milango ya elimu; na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, wazee kwa vijana, juu ya jambo la elimu ya zama hizi ambalo limekwisha kuingia majumbani mwetu, hali ya kuwa wengi wetu hatujui ni nini.

Mzazi mmoja ametuandikia barua, nasi hatutalitaja jina lake wala mji wake. Asema kuwa mwanawe, kijana wa skuli ya sekondari, huiacha kompyuta ya nyumbani ikiwaka usiku kucha. Alipomwuliza sababu, kijana alijibu kuwa mashine ile inawasaidia wataalamu wa ng'ambo kupiga hesabu za kutafuta dawa za maradhi. Baba akaona hayo ni maneno ya kitoto, tena ni kuitupa fedha ya umeme bure. Akaizima mashine na kuifungia chumbani mwake. Kijana naye akanuna, akasema kuwa baba yake amezuia jambo la kheri. Sasa mzazi huyu atuuliza mambo matatu: je, maneno ya kijana ni ya kweli? Je, yafaa mashine ya nyumbani kutumiwa na watu wasiojulikana? Na katika wawili hawa, haki iko kwa nani?

Swali hili lingeweza kujibiwa kwa maneno mawili, lakini jibu la maneno mawili halimfunzi mtu. Basi na tuanze na maana ya jambo lenyewe, kisha tutarejea kwa mzazi na mwanawe.

Kila msomaji wetu amepata kuona namna Qurani inavyokhitimishwa kwa mgawanyo. Mtu mmoja akikaa peke yake kuisoma tangu mwanzo mpaka mwisho, hata akiwa msomaji hodari, atahitaji saa nyingi. Lakini wakikusanyika wasomaji 30, na mwalimu akampa kila mmoja juzuu yake, kitabu kizima hukhitimishwa kwa muda wa juzuu moja tu. Angalieni vizuri mambo yaliyoko katika kazi hiyo. Kwanza, kazi yenyewe yagawika, kwani anayesoma juzuu ya 10 hana haja ya kumngoja wa juzuu ya 9. Pili, yuko mtu mmoja anayegawa juzuu na kukumbuka nani amepewa ipi. Tatu, akitokea msomaji akaitwa nyumbani kwa udhuru, juzuu yake hupewa mwingine, na kazi haiharibiki. Nne, wasomaji si lazima wawe sawa: yuko mwepesi atakayemaliza mapema na kuomba juzuu nyingine, na yuko mzito atakayechelewa, na wote wana sehemu yao katika kazi.

Hayo manne ndiyo msingi wa elimu iitwayo gridi ya kompyuta. Hesabu kubwa, ambayo mashine moja ingeipiga kwa miaka mia, hukatwa vipande vidogo vidogo, vikapelekwa kwa mashine nyingi zilizotawanyika katika miji na nchi mbalimbali, kila moja ikapiga kipande chake na kurudisha jawabu. Iko kompyuta moja ya kati, mfano wa yule mwalimu, ambayo hugawa vipande, hupokea majawabu, na humpa mwingine kazi ya aliyeshindwa kumaliza.

Wala mtu asidhani kuwa fikira hii imezaliwa pamoja na kompyuta. Mwaka 1705 mwanachuoni wa Kiingereza, Edmond Halley, alitangaza kuwa nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka 1531, na ya mwaka 1607, na ya mwaka 1682, zote ni nyota moja irudiyo, na kuwa itaonekana tena kiasi cha mwaka 1758. Lakini sayari kubwa kama Mushtari na Zohali huivuta nyota hiyo njiani na kuichelewesha, na hesabu ya mvuto huo ilikuwa ndefu kupita kiasi. Basi Wafaransa watatu, Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na Bibi Nicole-Reine Lepaute, wakaigawana kazi ile, wakakaa kwa miezi wakipiga hesabu tangu asubuhi hata usiku. Mwezi wa Novemba 1758 Clairaut akatangaza kuwa nyota ile itafika karibu kabisa na jua katikati ya Aprili 1759, kwa kupungua au kuzidi kiasi cha mwezi mmoja. Ikafika tarehe 13 Machi 1759, nayo ni ndani ya mpaka waliouweka. Watu watatu, karatasi na wino. Lakini njia waliyoifuata ni hii hii ya kugawana hesabu.

Nasi Waislamu tusisahau kuwa mlango huu una mkono wetu. Neno algorithimu, ambalo kwalo watu wa kompyuta huita utaratibu wa kupiga hesabu hatua kwa hatua, limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya tisa ya Miladi na kuandika juu ya hesabu na aljebra. Hatusemi haya ili tujivunie ya wazee tukalala. Twayasema ili kijana wetu asiione elimu hii kuwa ni ya kigeni kwake.

Ama jina la gridi, limetoka katika umeme. Msomaji wetu wa Tanzania husikia kila siku habari za Gridi ya Taifa. Mtu akibonyeza swichi ya taa katika nyumba yake, haulizi umeme huu umetoka Kidatu, au Mtera, au Bwawa la Julius Nyerere. Hata aliyeko Unguja hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara, naye hana habari ya waya huo. Vyanzo ni vingi, nyaya zimeungana, na kila mwenye haja huchota. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Marekani, wakiongozwa na Ian Foster na Carl Kesselman, walisema kuwa nguvu ya kompyuta nayo yafaa iwe hivyo hivyo: mashine za vyuo na taasisi mbalimbali ziungwe pamoja, kila mwenye mashine abaki na mali yake, lakini mwenye hesabu nzito aweze kuchota nguvu kutoka kwa wote kwa kanuni zilizokubaliwa.

Hapa yatupasa kutenga mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Iko kompyuta kuu, nayo ni mashine kubwa sana ya mwenyewe mmoja, iliyojaa jumba zima. Iko ile iitwayo huduma ya wingu, ambapo kampuni moja ina majumba ya mashine na hukukodisha nguvu zake kwa fedha, kama mtu anavyokodi chumba. Na iko gridi, ambapo wenye mashine ni wengi, mahali pao ni pengi, nao wamepatana kushirikiana katika kazi. La kwanza ni mfano wa meli kubwa ya tajiri mmoja. La pili ni mfano wa kulipa nauli katika meli hiyo. Na la tatu ni mfano wa majahazi mengi ya watu mbalimbali yaliyopatana kuuchukua mzigo mmoja.

Mfano mkubwa wa gridi za taasisi ni ule wa CERN, kituo cha utafiti wa vitu vidogo mno kuliko vyote, kilichoanzishwa mwaka 1954 karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Huko wamechimba chini ya ardhi njia ya duara yenye mzingo wa kilomita 27, na ndani yake hugonganisha chembe zipitazo kwa mwendo ulio karibu na wa nuru. Habari zinazotoka katika migongano hiyo ni nyingi kiasi ambacho hakuna jumba moja linaloweza kuzihifadhi na kuzichambua zote. Basi wakaziunganisha mashine za vituo kiasi cha 170 katika nchi zaidi ya 40. Habari huhifadhiwa kwanza Geneva, kisha hugawiwa vituo vikubwa vya nchi mbalimbali, navyo huvigawia vituo vidogo vya vyuo. Tarehe 4 Julai 2012 walipotangaza kuwa wameiona chembe ambayo Peter Higgs na wenziwe waliitabiri tangu mwaka 1964, mkuu wa CERN wa siku hizo, Rolf Heuer, aliitaja gridi ya kompyuta pamoja na mtambo na vyombo vya kupimia, kuwa ndivyo vilivyoiwezesha kazi ile.

Hiyo ni gridi ya wakubwa. Lakini iko na gridi ya watu wa kawaida, nayo ndiyo iliyoingia katika nyumba ya huyu mzazi wetu. Wataalamu walitambua kuwa duniani mna mamilioni ya kompyuta za majumbani, na kuwa nyingi katika hizo, kwa sehemu kubwa ya siku, hazifanyi kazi yoyote ya maana. Mwenyewe amekwenda kazini au amelala, na mashine imekaa. Basi wakasema: tumwombe mwenye mashine atupe wakati huo ambao haumfai. Mwaka 1996 George Woltman wa Marekani alianzisha mradi wa kutafuta namba kubwa zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwezi wa Oktoba 2024 mradi huo ulitangaza namba yenye tarakimu 41,024,320, nayo ni kubwa kuliko zote zilizokuwa zikijulikana mpaka siku hiyo. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikaanzisha mradi wa SETI@home wa kuchambua sauti za redio zitokazo mbinguni. Watu zaidi ya milioni 5 wakajiunga nao, mpaka uliposimamisha kugawa kazi mwezi wa Machi 2020. Chuo hicho hicho kikatoa programu iitwayo BOINC, ambayo hutumiwa bure na miradi mingi ya elimu, nayo hukubali kompyuta na hata simu za mkononi.

Huenda msomaji akasema: kompyuta moja ya nyumbani ni tone katika bahari, itafaa nini? Twamjibu kwa kisa cha kweli. Mwaka 2010 mradi uitwao Einstein@Home ulitangaza kuwa umegundua nyota ya aina ya pulsa, ambayo huzunguka kwa kasi kubwa na kutoa mawimbi ya redio. Mashine zilizoiona zilikuwa za watu wa kujitolea. Moja ilikuwa ya mume na mke wa jimbo la Iowa, Marekani, na nyingine ilikuwa ya mtu wa Mainz, Ujerumani. Watu hao hawakuwa wanajimu. Waliziazima mashine zao tu, na kipande chenye nyota kikaangukia kwao.

Sasa tufike katika maradhi, kwani hilo ndilo alilolitaja kijana. Katika mwili wa mwanadamu mna vitu viitwavyo protini, navyo hujikunja kama uzi unavyojikunja, na umbo la kujikunja kwake ndilo liipalo kila protini kazi yake. Protini ikijikunja vibaya huweza kuleta maradhi. Na dawa nyingi hufanya kazi kwa kuingia katika umbo la protini kama ufunguo uingiavyo katika kufuli. Kuhesabu namna protini inavyojikunja ni kazi nzito mno. Mwezi wa Oktoba 2000 Profesa Vijay Pande wa Chuo Kikuu cha Stanford alianzisha mradi wa Folding@home kwa ajili hiyo. Ulipotokea ugonjwa wa Korona mwaka 2020, watu wengi duniani wakaziunga mashine zao katika mradi huo, na mnamo Machi mwaka huo nguvu yao pamoja ikapita hesabu milioni ya milioni ya milioni kwa sekunde moja. Hakuna kompyuta kuu katika orodha ya dunia iliyofika hapo mpaka mwaka 2022. Watu wa majumbani, kila mmoja na kichembe chake, waliwatangulia wenye majumba makubwa kwa miaka miwili. Wazee wetu wamesema haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kimejaa hata kikafurika.

Kadhalika upo mradi uitwao World Community Grid, ulioanzishwa mwaka 2004 na kampuni ya IBM, na mwaka 2021 ukapewa taasisi ya utafiti ya Krembil iliyoko Toronto, Kanada. Kwa njia ya mradi huo, wataalamu wa Chiba, Japani, walipitia kiasi cha aina milioni 3 za kemikali wakitafuta zitakazoweza kuizuia saratani moja ya watoto, na mwaka 2014 wakatangaza kuwa wamepata 7 zilizoonyesha dalili njema. Katika mradi huo huo, mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, kilianza kuhesabu mienendo ya mvua za Afrika kusini ya Sahara, kwa vipande vidogo vya ardhi vya kilomita moja moja, kwani mvua za kwetu huweza kunyesha katika shamba hili na kuliacha la jirani.

Na liko jambo la karibu zaidi nasi. Kwa miaka kadhaa, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Taasisi ya Uswisi ya Maradhi ya Nchi za Joto, iliyoko Basel, ilitumia mashine za watu wa kujitolea kuhesabu namna malaria inavyoenea, na namna vyandarua, dawa na chanjo vinavyoweza kuipunguza. Msomaji aliyeko Morogoro hatashangaa kusikia jina la taasisi hiyo, kwani ndiyo iliyofungua maabara Ifakara katika miaka ya 1950, na maabara hayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara, taasisi ya Watanzania. Mradi ule wa mashine za majumbani umekwisha, lakini funzo lake limebaki: mbu ni wa kwetu, homa ni ya watoto wetu, na hesabu zilikuwa zikipigwa usiku katika nyumba za watu wa Ulaya na Marekani ambao huenda hawajapata kuumwa na mbu huyo maisha yao.

Basi jawabu la swali la kwanza ni kuwa maneno ya kijana yawezekana kabisa kuwa ya kweli. Jambo hili lipo, lajulikana, na vyuo vikubwa vyalisimamia. Lakini ni lazima tuseme na mipaka yake, ili mtu asije akalipa sifa lisilokuwa nayo. Si kila kazi inagawika. Wanafunzi 30 wanaweza kukhitimisha Qurani kwa saa moja, lakini hawawezi kumhifadhia mwanafunzi mmoja juzuu moja kwa niaba yake. Mwashi naye hawezi kuweka jiwe la juu kabla ya la chini, hata akiwa na wasaidizi mia. Hesabu ambayo kila hatua yangoja hatua iliyotangulia haifai kwa gridi ya majumbani. Tena, hesabu si dawa. Mashine huweza kusema kuwa katika kemikali milioni 3, hizi 7 zafaa kutazamwa. Kisha bado iko kazi ya maabara, na majaribio, na miaka, na nyingi katika hizo huanguka njiani. Kijana asidhani kuwa kesho asubuhi atakuta dawa imetoka katika kompyuta yake.

Ama swali la pili, la kutumiwa mashine na watu wasiojulikana, hapo ndipo penye haja ya akili. Wenye miradi nao wana shaka kama hiyo kwa upande wao, kwani hawajui mashine iliyoko mbali ni nzima au mbovu, wala mwenyewe ni mkweli au mlaghai. Basi miradi mingi huchukua kipande kimoja cha hesabu na kukipeleka kwa mashine mbili zisizojuana. Majawabu yakilingana hukubaliwa, yakihitilafiana hupelekwa kwa ya tatu. Kwetu sisi tulioamrishwa kuweka mashahidi wawili katika mambo ya deni, hekima ya jambo hili haihitaji maelezo.

Nasi tuwe na tahadhari kama wao, tena zaidi. La kwanza, programu na ichukuliwe katika mlango wa mradi wenyewe unaojulikana, unaotaja chuo kinachousimamia na kuzitangaza kazi zake hadharani; isichukuliwe kwa mtu wa njiani wala katika ujumbe uliotumwa kwa simu. La pili, miradi hii ya elimu haiahidi utajiri. Anayekuambia weka programu hii simuni mwako, lipa kiingilio, kisha utapata fedha kila siku hali umelala, huyo mkimbie. La tatu, wako wezi wa nguvu za kompyuta: huingiza programu katika mashine ya mtu bila ya ruhusa yake, ikawa yawapigia wao hesabu za kuchuma sarafu za mtandaoni. Dalili zake ni mashine kuwa nzito na ya moto hali hakuna kazi uliyoipa, na chaji ya simu kwisha upesi. Kazi ni ile ile ya kupiga hesabu, lakini huyu ameomba akapewa na yule amechukua bila ya idhini. Na tofauti ya kupewa na kuiba haina haja ya fatwa. La nne, mtu asiiweke programu hizi katika mashine ya ofisi, ya skuli au ya mwajiri wake kwa kusema kuwa ni kheri. Mashine hiyo ni amana mkononi mwake, na sadaka haitolewi katika mali ya mwingine.

Liko na jambo la gharama, ambalo wahubiri wa miradi hii mara nyingine hulipitia haraka. Husema kuwa mashine hutoa wakati wake wa bure. Wakati ni wa bure, kweli, lakini umeme si wa bure. Kompyuta inayopiga hesabu hula umeme zaidi ya ile iliyokaa, na iliyozimwa haili kitu. Tuseme mashine ya mezani yala wati 100 inapofanya kazi. Ikifanya kazi saa 8 kila usiku, kwa siku 30, itakula yuniti 24. Mashine ndogo ya kukunja ikila wati 40 kwa saa hizo hizo, itakula yuniti 9.6. Kila mwenye nyumba na azidishe kwa bei ya yuniti ya mahali pake, ajue ni kiasi gani. Nyumba moja itaona ni kidogo. Nyumba nyingine itaona ni unga wa siku mbili tatu. Tena uko moto wa mashine na vumbi, na liko bando la intaneti, kwani miradi mingine huleta mafaili makubwa.

Sasa tumefika katika swali la tatu. Kijana amesema kweli, na nia yake, kwa dhahiri yake, ni njema. Mwenyezi Mungu amlipe kwa nia hiyo. Lakini mashine ni ya baba yake na umeme unalipwa na baba yake, naye alitoa alichokuwa hana haki ya kukitoa kabla ya kuomba idhini. Baba naye alikuwa na haki ya kuizima mashine na kuuliza juu ya mali yake. Ila hakupaswa kulikata neno la mwanawe kuwa ni uongo kabla ya kuchunguza. Mtoto anayesema kweli akaitwa mwongo, siku nyingine hatasema lolote, na hapo mzazi atakuwa amepoteza kitu kilicho ghali kuliko yuniti 24.

Rai yetu ni kuwa wakae pamoja mbele ya hiyo mashine. Kijana amwonyeshe baba yake mradi ni upi, unasimamiwa na chuo gani, na kazi gani imekwisha kutoka humo. Wahesabu gharama kwa kalamu na karatasi. Wakiona nyumba yaweza, waweke mpaka: saa kadhaa kwa wiki, na programu ipewe sehemu tu ya nguvu za mashine, jambo ambalo BOINC hukubali kwa kubadilisha vipimo vyake. Wakiona nyumba haiwezi, basi haki za nyumba hutangulia, na kijana ataiacha kazi hiyo pasi na kinyongo, akijua kuwa kumtii baba katika mali yake ni kheri vile vile. Ama kuizima mashine na kuifungia bila ya maneno, hilo halikuwafaa wote wawili.

Tumebakiwa na neno moja kwa vijana wetu, wa kiume na wa kike. Kuiazima mashine yako ni jambo jema, lakini ni daraja ya chini ya jambo hili. Katika kisomo cha juzuu, msomaji ana fadhila yake. Lakini pia huhitajiwa yule ajuaye kitabu kizima, anayejua kukigawa, anayemsikia aliyekosea na kumrudisha. Katika gridi ya kompyuta, mwenye daraja hiyo ni yule anayejua kuuliza swali, kuligeuza likawa hesabu, kuikata hesabu vipande, na kuyapima majawabu yanaporudi. Mtu huyo hahitaji jumba la mashine. Ahitaji hisabati, lugha moja ya kuandikia programu, na subira ya miaka. Maswali yetu wenyewe yatungoja: mvua za Pwani na Ziwa, samaki wa bahari yetu, maradhi ya watoto wetu na ya mihogo yetu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kusaidiana katika wema na ucha-Mungu, na msaada ulio bora ni ule wa mtu anayejua anachokifanya.

Basi shikeni vitabu vya hesabu kama mnavyoshika simu zenu. Nanyi wazazi, mtoto akiwajia na neno la elimu msilolijua, mwulizeni kabla ya kulizima. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, azibariki nyumba zetu, na awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.